Muganga wa Bukavu

Hotuba ya mkunga mstaafu katika mahafali ya wahitimu wa uuguzi na ukunga, Kigoma

Mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi mliosafiri usiku kucha kutoka Kibondo na Uvinza, na ninyi wanangu mliovaa nguo nyeupe leo. Wakubwa shikamooni. Wadogo hamjambo.

Nimeombwa niseme juu ya wito. Nimekaa kwenye mahafali mengi, na neno hili halikosi. Mhitimu husimama akasema alitaka kuwa nesi tangu yuko darasa la pili, watu wakampigia makofi, na mama yake akafuta machozi. Nami huyaamini maneno hayo. Ila kwa miaka niliyokaa wodini nimejifunza kwamba bado kuna mengi yanayofuata baada ya kauli hiyo ya utoto, na hayo ndiyo yasiyosemwa kwenye mahafali. Kwa hiyo nitawasimulia habari za mtu mmoja.

Mtu huyu ni jirani yetu. Mkisimama pale Kibirizi mkatazama kaskazini, maji mnayoyaona yana sehemu iliyotoka kwao: Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu, unapita kwenye bonde, unamwaga humu Tanganyika. Kule juu, unapoanzia mto, ndipo ulipo mji wa Bukavu, mashariki ya Kongo. Alizaliwa hapo tarehe 1 Machi 1955, mtoto wa tatu kati ya tisa wa mchungaji wa Kipentekoste. Jina lake Denis Mukwege.

Wakunga, sikilizeni hapa, maana hii ni habari yenu. Mtoto huyo nusura asiishi. Kitovu chake hakikushughulikiwa vizuri, kikaingia maambukizi, na baada ya siku chache tu za kuzaliwa akawa mtoto wa kufa. Aliyemwokoa ni mmisionari wa Kiswidi, Majken Bergman, aliyehangaika mpaka akapatiwa penisilini. Daktari ambaye dunia nzima ingekuja kumjua alikaribia kupotea kwa sababu ya kitovu. Kila mkikata kitovu usiku wa manane, taa hafifu, mama mwingine anaita kitanda cha pili, kumbukeni kwamba hamjui mnamkata nani.

Alipokuwa na miaka minane alizoea kufuatana na baba yake kutembelea wagonjwa. Siku moja walikwenda kwenye nyumba yenye mtoto mchanga aliyekuwa hoi. Baba akaomba. Walipomaliza wakaaga, na mtoto Denis akashindwa kuelewa. Yeye mwenyewe akiugua, baba humwombea, kisha humpa dawa. Mbona yule mtoto ameombewa tu? Baba akamjibu kwamba yeye si muganga. Kutoa dawa ni kazi ya muganga. Mukwege amelisimulia jambo hili mara nyingi hadharani, na husema kwamba palepale aliamua: baba ataomba, na yeye atakuwa muganga.

Nalipenda neno hilo linavyotamkwa kule. Huku kwetu ukisema mganga, watu huuliza: wa hospitali au wa kienyeji? Kwa Kiswahili cha Kivu, muganga ndiye huyohuyo daktari, mwenye koti jeupe na dawa mkononi. Kwa mtoto wa miaka minane ilikuwa picha iliyokamilika.

Lakini tazameni kilichofuata. Alipomaliza sekondari mwaka 1974 hakwenda kusomea udaktari. Alikwenda Kinshasa kwenye uhandisi, akakaa miaka miwili. Wazazi mlio hapa mnajua mambo ya nafasi za vyuo. Mtoto anataka hiki, anapata kile. Mwaka 1976 ndipo alipoingia Chuo Kikuu cha Burundi, Bujumbura, hapa karibu kabisa, akaanza udaktari. Alimaliza mwaka 1983. Nawaambia haya kwa ajili ya mhitimu ambaye yumo humu, najua yumo, aliyepita kwanza kwenye ualimu au kwenye duka la shemeji yake kabla ya kufika hapa, na anaona aibu kwamba wito wake ulichelewa.

Alitaka kuwa daktari wa watoto. Ni sawa, yule mchanga wa siku ile alikuwa bado yuko akilini mwake. Akaenda kufanya kazi hospitali ya Lemera, milimani, juu ya bonde la Ruzizi, hospitali iliyojengwa na misheni ya Waswidi. Na pale Lemera wagonjwa wakamgeuza njia mara ya kwanza.

Waliokuja hawakuwa watoto. Walikuja mama zao. Waliletwa kwa machela, vijiji vya mbali, njia za milima, uchungu umeshawachukua siku mbili, siku tatu. Wengine walifika damu zinatoka, wengine walifika wamekwisha. Daktari aliyekuja kutibu watoto akaona kwamba mtoto anaanza kufa ndani ya mama yake, barabarani. Akafunga safari ya Ufaransa, mji wa Angers, akasomea magonjwa ya wanawake na uzazi. Alimaliza mwaka 1989. Angeweza kubaki, madaktari wengi wa Kiafrika wa kizazi chake walibaki, na siwalaumu. Yeye alirudi Lemera.

Hapa naomba niingize habari yangu, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa kwa nini mtu huyu amekaa moyoni mwangu miaka yote hii.

Mwaka 1996 nilikuwa mkunga kijana. Mwishoni mwa mwaka ule vita vilipolipuka Kivu ya Kusini, watu walivuka ziwa hili kwa maboti kutoka Uvira, Baraka, Fizi. Wazee wa hapa mnakumbuka. Kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ilifunguliwa Novemba ya mwaka huohuo kwa ajili yao. Basi katika wodi niliyokuwa nafanya kazi, sitaitaja, akaletwa mama mmoja wa upande wa Fizi. Mtoto alikuwa amefia tumboni, akatolewa, mama akabaki. Nilipomuuliza uchungu ulianza lini, alinijibu: siku ya soko. Nikahesabu kwa vidole nikapata siku nne.

Baada ya wiki moja mkojo ukaanza kumtoka wenyewe. Shuka tulibadilisha asubuhi, saa mbili baadaye limelowa. Wagonjwa wenzake wakaanza kunung'unika. Tukamsogeza kitanda cha mwisho karibu na mlango. Mimi, kwa mikono yangu hii, nikaenda nikafungua dirisha juu ya kitanda chake, bila kumwambia neno. Akanitazama akasema, kwa Kiswahili chao: "Fungua tu, sista. Niko najua niko nanuka."

Sikumjibu. Nilimwambia baadaye kwamba itakauka yenyewe, avumilie. Nilikuwa sijui, na nilisema kana kwamba najua. Baada ya siku chache alipelekwa kambini na sikumwona tena.

Sasa nyie mmefundishwa, mnajua kilichompata. Kichwa cha mtoto kikikwama kwenye nyonga, kinakibana kibofu dhidi ya mfupa wa mbele saa baada ya saa. Nyama iliyobanwa haipati damu, inakufa. Siku chache baada ya kujifungua ile nyama mfu inabanduka na kuacha tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi, ndiyo fistula, na kuanzia hapo mkojo hauna mlango tena. Mume huondoka. Kanisani hukaa nje, au msikitini hakaribii. Hakuna alichokosa mwanamke huyo isipokuwa kuwa mbali na mahali pa kupasuliwa.

Muda mfupi kabla sijafungua dirisha lile, kule Lemera kulikuwa na msiba mwingine. Usiku wa tarehe 6 Oktoba 1996 watu wenye silaha waliingia hospitali ya Mukwege. Zaidi ya watu thelathini waliuawa. Wagonjwa walipigwa risasi wakiwa vitandani, na wauguzi walioshindwa kukimbia wakauawa pia. Yeye mwenyewe hakuwapo usiku ule. Baadaye alikimbilia Nairobi. Sijui daktari anabebaje jambo kama hilo: wagonjwa aliowaacha na dripu mkononi, wenzake wa zamu. Wauguzi wale walikuwa watu wa umri wenu. Naomba tuwakumbuke leo, maana wao hawana mahafali.

Alirudi. Bukavu akaanza tena kutoka sifuri, na mkiangalia alichokusudia mtaona bado ni yule daktari wa kina mama wa Lemera: alitaka jengo la kujifungulia na chumba cha upasuaji, ili wanawake wa mtaa wa Panzi na vijiji vya jirani wasife kwa uzazi. Vita vya pili vikaja mwaka 1998, vifaa vikaporwa. Akaanza tena. Hospitali ya Panzi ikafunguliwa mwaka 1999, kwa msaada wa Wapentekoste wa Sweden.

Mgonjwa wa kwanza kulazwa hakuwa mjamzito. Alikuwa mwanamke aliyebakwa, kisha akapigwa risasi sehemu za siri. Sitaeleza zaidi, kuna watoto humu. Daktari alidhani ni unyama wa mtu mmoja mwenye wazimu. Haukupita muda wakaja wengine, wakaja kwa makumi, wakiwa na hadithi ileile kutoka vijiji vilivyo mbalimbali. Akaelewa kwamba ni silaha. Silaha isiyohitaji kununuliwa, inayomvunja mwanamke, mumewe, watoto na kijiji kizima, mpaka watu wahame na ardhi ibaki na madini yake.

Hiyo ndiyo mara ya pili wagonjwa walipomgeuza njia. Chumba alichokijenga kwa ajili ya watoto kuzaliwa kikawa chumba cha kushona wanawake waliopasuliwa kwa makusudi.

Kuna wanaodhani upasuaji ni kisu, kwa hiyo acheni niwaeleze kazi hii ilivyo. Fundi cherehani yeyote wa pale sokoni atawaambia huwezi kushona kiraka kwenye kitambaa kilichooza. Uzi utashika leo, kesho utaachia. Na ukivuta kitambaa ili kingo zikutane kwa nguvu, uzi utakata. Fistula ni hivyohivyo. Mpasuaji anaanza kwa kuitafuta: anamwaga maji yenye rangi ya bluu kwenye kibofu na kutazama yanapotokea. Kisha anakitenganisha kibofu na ukuta wa njia ya uzazi, polepole, mpaka kila upande uwe huru. Ndipo anapofunga tundu bila kuvuta, akimimina tena ile bluu kuhakikisha haipiti. Mgonjwa anapigwa ganzi ya mgongoni tu, anasikia mazungumzo. Kwa waliojeruhiwa na vita ni vigumu zaidi, kwa sababu hakuna mpaka. Kibofu, njia ya haja kubwa, vyote vimeguswa, na wengine wanahitaji kupasuliwa mara kadhaa, mwaka hadi mwaka.

Halafu mpasuaji anavua glovu, anakwenda kulala. Mgonjwa anabaki na mpira wa mkojo kwa wiki mbili hivi. Mpira ule ukiziba saa nane usiku, kibofu kitajaa, mshono utaachia, na kazi yote ya mkono ule mashuhuri itakuwa bure kabla jogoo hajawika. Aliye macho saa nane usiku ni nani? Ni wewe uliyeketi hapo mstari wa pili. Sisemi hivi kuwafurahisha. Ndivyo mshono unavyopona au unavyokufa.

Katika kazi hii kuna mwanamke mmoja wa Ethiopia ambaye naona jina lake halitajwi vya kutosha. Mamitu Gashe alikuwa binti wa kijijini, hajui kusoma, aliyepata fistula kwenye uzazi wake wa kwanza na kuletwa Addis Ababa mwaka 1962 kwa madaktari wawili mume na mke, Reginald na Catherine Hamlin. Alibaki hospitalini akitandika vitanda. Kisha akaanza kupokeza vyombo kwenye chumba cha upasuaji. Kisha akashika kisu, na akawa mpasuaji wa fistula ambaye madaktari waliosoma walikuja kujifunza mkononi mwake. Yeye wito haukumjia utotoni kabisa. Ulimjia kitandani.

Narudi Bukavu. Mukwege na wenzake waligundua mapema kwamba kushona peke yake hakutoshi. Mwanamke alipona, akarudi kwao, akakuta mume ameoa mwingine, shamba limechukuliwa, na aliyemtenda anapita barabarani na bunduki yake. Kwa hiyo Panzi ikaongeza vitu vitatu juu ya matibabu: mtu wa kuzungumza naye mpaka moyo utulie, mafunzo na mtaji wa kujitegemea, na mwanasheria wa kupeleka kesi mahakamani. Makumi ya maelfu ya wanawake na wasichana wamepita hapo. Mwaka 2015, akiwa na miaka 60, alisimama mbele ya maprofesa wa Chuo Kikuu Huria cha Brussels akatetea tasnifu yake ya udaktari wa falsafa juu ya fistula hizihizi za mashariki ya Kongo. Kwangu mimi hiyo ni sehemu nzuri kuliko hata medali. Mtu mwenye sifa zote zile bado anaketi kuandika kwa utaratibu: aina hii, chanzo hiki, matibabu haya, ili wengine wajifunze.

Mara ya tatu wagonjwa walipomgeuza njia ilikuwa kwa sababu ya miaka kupita. Alianza kuona sura anazozijua. Alimpasua mama, miaka baadaye akaletewa binti wa mama yule, aliyezaliwa kutokana na ubakaji uleule, naye amebakwa. Amelisema hili mara nyingi, na kwamba wameanza kuja hata wajukuu. Wamo pia watoto wachanga. Katika hotuba yake ya kupokea Nobel, kule Oslo, alimtaja mtoto wa miezi kumi na minane. Daktari akafika mahali ambapo kisu hakifiki. Akaanza kusema.

Na kusema kuna gharama. Septemba 2012 alizungumza Umoja wa Mataifa, New York, akailaumu dunia kwa kukaa kimya. Tarehe 25 Oktoba, wiki chache tu baadaye, watu wenye silaha walimsubiri nyumbani kwake Bukavu wakiwa wamewashikilia binti zake. Mlinzi wake, Joseph Bizimana, alijitokeza kumwokoa akapigwa risasi akafa. Mukwege alianguka chini na risasi zikamkosa. Akaihamisha familia yake Ulaya.

Sasa nifike mahali ninapopapenda kuliko pote. Kwenye Ziwa Kivu kuna kisiwa kinaitwa Idjwi. Wanawake wa kisiwa kile, watu wa kulima, ambao wengi hawaingizi hata dola moja kwa siku, waliandika barua kwa rais na kwa Umoja wa Mataifa wakitaka daktari wao arudi. Barua hazikujibiwa. Basi wakaanza kuuza mananasi na vitunguu, wakaweka hela pamoja, ili wamkatie tiketi ya ndege. Nanasi moja, vitunguu fungu, tiketi ya ndege kutoka Ulaya! Ninyi watoto wa hapa mnajua nanasi linauzwa kiasi gani.

Alirudi tarehe 14 Januari 2013. Kutoka uwanja wa ndege wa Kavumu mpaka Bukavu watu walijipanga barabarani. Wanawake wakasema kwamba kama serikali haimlindi, wao watamlinda, kwa zamu, hata bila silaha. Amesema mwenyewe kwamba baada ya hapo hakuwa na namna ya kukataa. Tangu siku hiyo akaishi ndani ya uzio wa hospitali, akilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, haendi sokoni, haendi kusalimia jirani. Mtoto aliyekuwa akifuatana na baba yake nyumba kwa nyumba, ikawa haruhusiwi kutoka getini. Hiyo nayo iandikwe kwenye hesabu ya wito.

Tuzo alizopata ni nyingi, nitazipita haraka: Olof Palme na ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2008, Sakharov mwaka 2014, na Nobel ya Amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad, binti wa Kiyazidi wa Iraki. Tarehe 5 Oktoba, jina lake lilipotangazwa, alikuwa chumba cha upasuaji, ameshafika mgonjwa wa pili wa siku hiyo. Alisikia watu wakilia nje. Kwa Panzi kilio cha ghafla kingeweza kuwa na maana nyingi. Wakaingia wakamwambia.

Kule Oslo mwezi Desemba alizungumza bila kuficha. Aliwaambia anatoka moja ya nchi tajiri kuliko zote duniani, na watu wake ni miongoni mwa maskini kuliko wote. Akasema juu ya madini yaliyomo kwenye simu na magari ya umeme. Akawakumbusha ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 juu ya uhalifu uliofanyika Kongo, ripoti yenye matukio 617, ambayo imewekwa kwenye droo. Simu mlizoinua sasa hivi kunipiga picha, wanangu, huenda humo ndani kuna kitu kilichochimbwa kule alikokuwa akishona.

Mwaka 2023 aligombea urais wa nchi yake. Kura zilikuwa chache sana. Nitasema ninavyofikiri: mimi sikupenda. Niliogopa siasa itamchafua. Lakini nikijiuliza angefanya nini mtu aliyeshona vizazi vitatu vya familia moja, sipati jibu lililo bora. Na Februari 2025 Bukavu yenyewe ikaingia mikononi mwa waasi wa M23. Hata leo tunavyokaa hapa kwa amani na vigelegele, maboti bado yanavuka.

Sasa neno la kazi. Fistula ya uzazi inatibika. Ukimwona mama anavuja mkojo, usimwambie itakauka. Pigia simu hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, au mwandikie rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza. CCBRT matibabu ya fistula hayalipiwi, na wamekuwa wakituma nauli kwa M-Pesa ili asikwame njiani kwa kukosa nauli ya treni. Mwaka 1996 mimi sikuwa na namba ya kupiga. Nyie mnayo.

Na kuna jambo lingine ambalo nimekuwa nikilifikiria tangu nipewe barua ya kuja hapa. Mukwege alitaka kufanya kazi moja: mama aje kwa wakati, apimwe, azae, arudi nyumbani na mtoto mgongoni. Ndiyo aliyoisomea Angers. Ndiyo aliyoijengea Panzi. Vita vilimnyang'anya sehemu kubwa ya kazi hiyo vikampa nyingine. Kazi aliyoitamani ndiyo mnayoianza Jumatatu.

Kwenye kila bahasha ya cheti nimeomba waweke karatasi moja ya patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu saa kwa saa, haijaandikwa kitu. Mnaijua: mstari wa tahadhari, na mbele yake mstari wa kuchukua hatua. Tundu lile la mama wa Fizi lilitokea mbali sana mbele ya mistari hiyo yote miwili, siku nne nzima, na hakukuwa na mtu wa kuweka hata nukta moja. Mama wa kwanza atakayeingia zamu yenu, kabla ya yote muulizeni uchungu ulianza lini. Akiwajibu siku ya soko, msicheke, msimkaripie. Muulizeni soko la kwao ni siku gani, hesabuni, kisha andikeni saa.